Hata Kidogo, Ng'o, La Hasha: Kiingereza Kinavyokataa

Nilipokuwa kijana nilishika zamu ya mapokezi katika nyumba moja ya wageni huko Moshi, mahali ambapo wapanda mlima hulala usiku mmoja kabla ya kuelekea getini. Asubuhi moja maji ya moto yalikatika. Mgeni wa ghorofani akashuka na taulo begani, akamuuliza dada niliyekuwa naye zamu: "You don't have hot water?" Dada akatabasamu, akajibu, "Yes." Mgeni akashukuru, akapanda ngazi. Dakika tano baadaye tulisikia yowe lililowaamsha hata waliokuwa wamelala bila nia ya kupanda mlima wowote.

Dada yule hakusema uongo. Alijibu Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza. Mtu akituuliza "Hamna maji ya moto?" na kweli hatuna, tunasema "Ndiyo, hatuna." Ndiyo yetu inakubaliana na maneno ya muulizaji: umesema kweli, ndivyo ilivyo. Kiingereza hakijali muulizaji amesema nini. Kinaangalia sentensi itakayofuata kinywani mwako. Kama ni "we have", unaanza na yes. Kama ni "we don't have", unaanza na no, hata kama muulizaji amepatia kabisa. Kwa hiyo jibu lilikuwa "No, we don't." Ushauri wangu kwa anayejifunza ni huu: usiiache yes wala no ikiwa uchi. Ivalishe mkia, "No, we don't" au "Yes, we do", na hapo hata ukikosea neno la kwanza, mkia utakuokoa.

Waingereza wenyewe waliwahi kuwa na utaratibu mzuri zaidi. Zamani walikuwa na maneno manne: yea na nay kwa swali la kawaida, yes na no kwa swali lililokwisha kubeba ukanushi. Katika karne ya 16 Thomas More alimshambulia William Tyndale, mtafsiri wa Biblia, kwa kuandika no mahali alipotakiwa kuandika nay. Alikuwa anatetea ngome iliyokwisha bomoka. Yea na nay zimebaki katika kura za Bunge la Marekani na katika mashairi, na sisi tumerithi mabaki yaliyomwagia mgeni wetu maji ya baridi.

Ndugu wa mtego huo ni swali la "Would you mind if I sat here?" Wengi tumejibu "Yes, yes, welcome!" huku tukivuta kiti, na mwenzetu akasimama akishangaa. Kitenzi "mind" hapo maana yake ni kukereka. Ameuliza: utakereka nikikaa hapa? Ukisema yes umemfukuza. Jibu la ukarimu ni "Not at all", yaani sikereki hata kidogo. Mkanusho mzito kuliko yote ya siku hiyo umefanya kazi ya "karibu".

Kabla ya kuongeza uzito, tuviweke sawa vitenzi, maana hapa ndipo barua nyingi za kazi na za malalamiko zinapoharibikia. Sisi tuna kukataa, kukana, kukanusha na kunyima, na kila kimoja kina mahali pake. Kiingereza kina "refuse" na "deny", na mpaka kati yao haupiti tunapodhani. "He denied to pay me" ni sentensi ya Afrika Mashariki. Mwingereza ataielewa kwa kubahatisha. Aliyekataa kulipa "refused to pay". Aliyekana kuwa anadaiwa "denied owing the money". Halafu "deny" hiyohiyo inageuka kuwa kunyima: "They denied him entry", walimnyima ruhusa ya kuingia. Pendekezo linalokataliwa ni "reject" au "turn down". Mwaliko unaokataliwa kwa adabu ni "decline". Na "refute", ambayo wasemaji wa taasisi wanaipenda sana, kwa wanaojali maneno ni zaidi ya kukana: ni kuonyesha kwa ushahidi kwamba madai si kweli. Ukiwa huna ushahidi mkononi, bakia na "deny".

Kila kitenzi nacho kina rafiki zake wa kukikolezea. Tunasema amekataa katakata. Wao husema "flatly refused", au "refused point-blank", msemo uliotoka kwenye bunduki, mtutu ukiwa karibu na shabaha kiasi kwamba hakuna haja ya kulenga. Anayekana tuhuma mbele ya waandishi wa habari "categorically denies". Neno hilo lina harufu ya suti na kipaza sauti. Usilitumie ukimwambia mama mwenye nyumba kwamba si wewe uliyeacha bomba wazi.

Sasa tuje kwenye kiini. Kiswahili kinapotaka kukataa kwa nguvu, mara nyingi kinaliita neno moja dogo: hata. Hata kidogo. Hata siku moja. Hata chembe. Hata senti. Hata mtu mmoja. Hata sijui. Ni punda wetu wa mizigo. Unamtwika chochote anabeba. Kamusi zikatufundisha kwamba hata ni "even", tukaondoka na hilo, na ndiyo maana unasikia "Even a little I don't want" na "Even one day I have not seen him". Maneno ni ya Kiingereza, mwendo ni wa kwetu.

Kiingereza kimeigawa kazi ya hata kwa vibarua wengi, na wengi wao hukaa katikati au mwisho wa sentensi, si mwanzo. Hata kidogo ni "at all", na inangoja nyuma: "I don't want it at all." Hata siku moja ni "never", au ukitaka kuhesabu, "not once": "He has not once paid on time." Hata mtu mmoja ni "not a single person". Hata sijui, kwa bahati, ni "I don't even know", hapo even inafaa, lakini angalia ilivyojichomeka katikati. Ushahidi haupo hata chembe: "not a shred of evidence", na "shred" ni kipande kilichochanika, kama cha kitambaa. Sina habari hata kidogo: "I haven't the faintest idea", yaani sina hata wazo lililofifia. Na "whatsoever" hufuata nomino iliyotanguliwa na no au any: "no reason whatsoever". Ukiisoma kwa sauti utasikia jinsi inavyopiga muhuri.

Kwa nini vibarua wawe wengi hivyo? Historia yake inafurahisha, maana inaonyesha kwamba Mwingereza naye aliwahi kuwa na hata yake akaichosha. Katika Kiingereza cha kale ukanushi ulikuwa silabi moja, "ne", mbele ya kitenzi, karibu kama "ha-" na "si-" zetu. Silabi hiyo ni nyepesi, haisikiki vizuri mtu akiwa na hasira. Watu wakaanza kuiongezea mwishoni neno lililomaanisha "si kitu chochote", "nawiht", kwa maana ya hata kitu. Neno likafupishwa, likatumiwa kila saa mpaka likapoteza ukali wake, na "ne" ikadondoka kabisa. Lililobaki ndilo "not" ya leo. Kwa maneno mengine, "not" ni mkazo uliozeeka. Mwanaisimu wa Denmaki, Otto Jespersen, aliieleza safari hii katika kitabu chake cha mwaka 1917, na wataalamu wanaiita kwa jina lake mpaka leo. Kifaransa kilipita njia hiyohiyo: "pas" yao ya kukanusha ni neno lilelile la hatua, kama kusema sitembei hata hatua. Mkazo ukichoka, lugha inatafuta mwingine. Ndiyo sababu vijana wa Nairobi wana "zii" yao ilhali hapana bado ipo, nzima, haijavunjika.

Hapa inaingia kanuni inayowatisha wanafunzi: Kiingereza sanifu kinataka mkanusho mmoja tu katika kishazi. "I don't know nothing" mwalimu ataipigia mstari mwekundu. Lakini tusidanganywe kwamba ni sheria ya maumbile. Geoffrey Chaucer, mshairi mkubwa wa karne ya 14, akimsifu shujaa wake mmoja anasema "He nevere yet no vileynye ne sayde", yaani hajapata kusema neno ovu, kisha katika mstari unaofuata anaongeza mkanusho mwingine. Ni minne kwa jumla, na maana haijageuka. Kila mmoja unaongeza kuni. Ni katika karne ya 18 ndipo wanasarufi, maarufu zaidi akiwa askofu Robert Lowth, ambaye kitabu chake kilitoka kwanza mwaka 1762, walipoikazia ile hesabu kwamba hasi mbili zinafutana. Hesabu hiyo ilishinda shuleni, haikushinda mitaani. Londoni ya Mashariki na Wamarekani Weusi wengi wanasema "I ain't got no money" na hakuna anayewaelewa kwamba wana pesa.

Kwa mgeni wa lugha, hata hivyo, busara ni kushika ile moja. Ukishatumia never, usiongeze not. Ukishatumia nobody, kitenzi kibaki cha kukubali: "Nobody came." Sisi tunapata taabu hapa kwa sababu "Hakuna mtu aliyekuja" na "Mtu yeyote hakuja" zote zinapita kwetu, na ile ya pili ikitafsiriwa neno kwa neno inatoa "Anybody didn't come", sentensi isiyo na makazi katika Kiingereza sanifu.

Kuna nguvu nyingine isiyoonekana kwenye karatasi. Mkazo wa neno la Kiswahili umekwisha pangiwa kiti: silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "sitaki" sauti inapanda kwenye "ta", na ile "si-" ya mwanzo, ambayo ndiyo inayokataa, hatuipigi nyundo kwa kawaida. Tukitaka uzito tunaongeza maneno ("Mimi sitaki, wala usinisemeshe") au tunavuta vokali mpaka jirani asikie. Mwingereza anahamisha mkazo tu. "I didn't take it" ni taarifa. "I did NOT take it", maneno mawili yakiwa yametenganishwa na not ikipigwa, ni kiapo. Ile "wala" yetu ya "Wala sikuchukua!" haina neno lake katika Kiingereza; hiyo not ndiyo wala yao.

Tarehe 26 Januari 1998 Rais Bill Clinton wa Marekani, akikana uhusiano wa kimapenzi na Monica Lewinsky, aliyekuwa mwanagenzi Ikulu, hakusema "I didn't". Alisema "I did not", taratibu, akinyoosha kidole. Mwezi Agosti mwaka huohuo akakiri kwamba uhusiano usiofaa ulikuwepo. Sarufi ilikuwa safi. Lyndon Johnson alikuwa mkweli zaidi usiku wa tarehe 31 Machi 1968, alipowaambia Wamarekani kwamba hatagombea tena urais: "I shall not seek, and I will not accept, the nomination of my party." Tazama alivyofunga milango miwili. Sitatafuta uteuzi; na mkiniletea nyumbani sitaupokea. Mtu akikataa kwa kitenzi kimoja tu katika siasa, ujue mlango wa nyuma uko wazi.

Kisha kuna kupindua sentensi. Neno la kukanusha likitangulizwa mbele, kitenzi kisaidizi kinaruka mbele ya mtenda, kama katika swali: "Never have I seen", "Not once did she complain", "Under no circumstances should this door be opened". Nelson Mandela, akiapishwa mjini Pretoria tarehe 10 Mei 1994, alisema: "Never, never and never again shall it be" kwamba nchi ile itashuhudia tena watu wakikandamizana. Never tatu hazifutani, kwa sababu ni neno moja linalorudiwa, kama sisi tunavyosema kamwe na kamwe. Muundo huu ni wa jukwaani, wa mahakamani na wa mabango ya hatari. Anayeutumia akikataa kuongezewa sukari atachekwa.

Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, alifanya kinyume chake. Tarehe 30 Oktoba 1990, bungeni, akipinga mipango ya kuipa Ulaya madaraka zaidi, alijibu "No. No. No." Hakuna kupindua, hakuna kivumishi. Kabla ya mwezi mmoja kupita alikuwa ametangaza kujiuzulu, tena kwa kusukumwa na chama chake mwenyewe, na msimamo wake kuhusu Ulaya ulikuwa sehemu ya ugomvi.

Dini nayo imechangia. Mtume Paulo, akijiuliza swali la kejeli katika waraka kwa Warumi, hujijibu kwa Kigiriki kwa maneno yenye maana ya "isiwe hivyo". Watafsiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 wakaandika "God forbid", ingawa katika Kigiriki hapana Mungu wala katazo. Watafsiri wa Kiswahili walikuwa na bahati: walilikuta neno la Kiarabu likiwa limekwisha jikalia pwani, wakaandika "Hasha!" na kupiga hatua. Kwa maoni yangu ni tafsiri bora kuliko ya Waingereza. Ni neno moja, na linafunga mlango.

Upande wa mitaani ndiko kwenye starehe. Pale sisi tunapopiga "Thubutu!", "Wapi!", "Ng'o!", au "Aka!" ya Mombasa, wao wana "No way", "Not a chance", "Not on your life". "Over my dead body" ni labda mnizike kwanza. "When pigs fly" ni siku nguruwe watakapopaa. Sisi tungesema labda jua lichomoze magharibi. "Fat chance" inadanganya macho, maana neno kwa neno ni nafasi nono, kumbe ni kejeli: nafasi haipo. Ni sawa na mama anayekwambia "Haya, nenda uone!" na wewe unajua hapo hakuna ruhusa. Misemo hii ni ya watu mnaozoeana. "Not on your life" kwa bosi ni barua ya kuacha kazi.

Na yeyote anayepima kukataa kwake kwa miaka na aangalie. Mwaka 1976 Ian Smith, aliyekuwa akiitawala Rhodesia kwa niaba ya walowezi wachache, alisema haamini katika utawala wa Waafrika walio wengi, "not in a thousand years". Zimbabwe ilipata uhuru tarehe 18 Aprili 1980.

Mitego iliyobaki niitaje harakaharaka. "By no means" ni la hasha, lakini "by all means" ni ruhusa, karibu sana. "At no time" ni kamwe. "In no time" ni sasa hivi, kufumba na kufumbua, na fundi akikwambia atamaliza "in no time" hajakukatalia kazi, ingawa uzoefu wangu na mafundi unasema vinginevyo. "I couldn't agree more" ina mkanusho ndani yake na bado ni kukubali kwa asilimia mia. "It's anything but easy" haina mkanusho wowote na maana yake ni kwamba si rahisi hata kidogo.

Watu wengi hudhani kwamba kukataa kukali zaidi ndiko kwenye kelele zaidi. Ofisini ni tofauti. "No way!" ya rafiki yako bado inaweza kubembelezwa. Lakini ukipokea barua yenye "I'm afraid that won't be possible", hapo pamefungwa na ufunguo umetupwa kisimani. Huyo "afraid" haogopi kitu. Anakupa pole ya adabu. Vivyo hivyo "with respect" bungeni au mahakamani mara nyingi hutangulia maneno yasiyo na heshima yoyote. Na kwa upande wa kukana, sikiliza kwa makini mtu anayesema "I have no recollection of that meeting". Hajasema hakuwepo. Amesema hakumbuki, na hakuna hakimu anayeweza kuingia kichwani mwake kuangalia. Wakati wa kashfa ya Watergate, iliyomng'oa Rais Nixon, waandishi wa habari wa Marekani waliipa mbinu ya namna hii jina la "non-denial denial", kukana kusikokana.

Mwisho wa zote ni kukataa kusiko na mkanusho kabisa, na hili nililijua mezani kwetu. Kijana mmoja wa Kimarekani alikuja na kaka yangu kula chakula cha Idi. Alimaliza sahani ya pilau, mama mkubwa akasogeza upawa. Kijana akaweka mkono kifuani, akasema, "I'm good, thank you." Mama mkubwa, ambaye Kiingereza chake ni cha darasa la nne la enzi zake, alifurahi sana. "Anasema ni nzuri," akatutafsiria, akamwongezea pilau na kipande cha nyama. Kijana akala. Upawa ukarudi. "Really, I'm good." "Anasema ni nzuri kweli," akasema mama mkubwa, akachota tena.